Bibi Raushan na Sungura Aliyebaki

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, mlioko jikoni, mlioko kazini, na nyinyi mliokwama barabarani huku theluji inazidi kuanguka. Jumapili imerudi, na kile kiti chetu cha mgeni asiyekuwepo, tunachomwekea aliyetutoka, kina mtu wake. Anayezungumza nanyi ni Saken.

Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sungura. Wengine mlimwita hivyo kwa mapenzi. Wengine kwa kejeli, na mnajijua. Jina lake hasa ni Raushan Bekmurzina. Alikuwa dereva wa tramu hapa hapa Almaty. Tramu zilipoondolewa mjini, akabaki na kazi nyingine aliyokuwa ameshaianza: kuokota sungura waliotupwa na kuwatafutia nyumba mpya. Dereva wa tramu, na mtafutaji wa nyumba za sungura. Hayo mawili ndiyo maisha yake.

Alifariki mwezi uliopita, kwenye kibanda chake cha shambani, kule juu mlimani kwenye mitufaha.

Nilikwenda kumwona mdogo wake, Nurjamal. Tulikunywa chai ya maziwa, akanionyesha picha, tukacheka kidogo. Kisha akaweka bakuli chini akaniambia, "Saken, usimpake rangi dada yangu. Yeye mwenyewe hakupenda kupakwa rangi. Ukisimulia, simulia na lile."

"Lile lipi, mama?"

"Lile. Nusu ya mji huu wanalijua. Alilisema kwa mdomo wake."

Basi tutalisimulia na lile, wasikilizaji wapendwa. Lakini tuanze mwanzo.

Mnajua kwamba miaka yetu ina wanyama wake, na sungura huja mara moja kila miaka kumi na miwili. Wazee wetu waliuogopa mwaka huo. Walisema ni mwaka wa barafu juu ya majani, mifugo inakufa njaa imesimama. Sisi wa siku hizi tukaugeuza kuwa mwaka wa zawadi. Mwaka wa Sungura ulipoingia, ule wa kwanza katika habari hii, kila mtoto alitaka sungura wa kweli chini ya mti wa Mwaka Mpya. Na wazazi wakanunua. Sikukuu ikapita, mti ukatupwa. Na sungura?

Raushan alikuwa amefika kituo cha mwisho. Abiria wameshuka wote. Akapita kati ya viti kama kawaida yake, akakuta kwenye kiti cha nyuma kabisa pana boksi la viatu vya kiume. Akadhani mtu amesahau viatu. Akalinyanyua. Kitu kikakwaruza ndani.

Alikuwa sungura mdogo wa kijivu. Shingoni bado amefungwa utepe wa zawadi, umekazwa mpaka manyoya yametoka.

Akampeleka kantini ya madereva kumtafutia karoti. Mpishi wao alikuwa Tolik, mtu wa mzaha. Akachungulia kwenye boksi, akasugua mikono. "Raushan, mwache hapo hapo. Vitunguu ninavyo, viazi ninavyo. Mungu ameleta kilichobaki."

"Tolik, ukimgusa huyu, kesho nakupitia na tramu."

"Tramu yako haitoki kwenye reli, mama."

"Kwa ajili yako nitaitoa."

Kantini nzima ikaangua kicheko. Lakini Raushan, nduguye anasema, usiku huo nyumbani hakucheka. Aliukata ule utepe kwa mkasi wa kucha, taratibu, na alipomaliza akakaa kitandani ameushika mkononi kwa muda mrefu.

Siku zilizofuata akawa anawauliza abiria wake: nani amesahau sungura? Watu wakatabasamu. Mwanamke mmoja hakutabasamu. Aligeukia dirishani, akashuka kituo kilichofuata. Raushan alikuwa akimbeba mwanamke huyo kila siku. Hakikuwa kituo chake.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Habari zikaenea kwamba yuko dereva wa tramu anayepokea sungura. Watu wakaanza kumwekea kwenye ngazi za ghorofa lake. Wengine walibonyeza kengele wakakimbia kama watoto watukutu. Watu wazima, wasikilizaji wapendwa. Watu wenye kofia za manyoya.

Raushan alikuwa mjane asiye na mtoto, na nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili. Aliwatibu, akawapeleka kwa daktari wa wanyama wakafungwe uzazi, akawatafutia walezi. Na mlezi hakupata sungura kirahisi. Ulikaa kwenye zulia, siyo kwenye kiti, ukahojiwa. Nyaya za umeme zinapita wapi? Nani atafagia? Mkisafiri je? Kijana mmoja alikuja mbio mbio, amevaa vizuri, ananukia.

"Bibi, nataka mweupe. Wa kumpa mchumba wangu, siku yake ya kuzaliwa."

"Mchumba anajua?"

"Hapana, nataka nimshtukize."

"Mmejuana lini?"

"Kiangazi hiki."

"Sungura akitunzwa anaweza kufika miaka kumi. Wewe na binti huyo mtafika?"

Kijana akakuna kichwa.

"Nenda kamnunulie marashi, mwanangu. Marashi yakiachwa kwenye ngazi hayafi njaa."

Ndivyo alivyokuwa. Mkali, lakini ukali wenye utani ndani. Watu walitoka kwake wameshindwa na bado wanacheka.

Na alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Sungura wawili walioshikana hawatenganishwi. Sungura hamlii mwenzake kwa sauti. Hana sauti hiyo. Anaacha kula, basi. Tumbo la sungura likisimama, linasimama kama saa, na kulirudisha ni kazi. Kwa hiyo wawili huenda wawili. Raushan aliwakatalia watu wazuri, watu wenye bustani, kwa sababu tu walitaka mmoja kati ya wawili. "Ungemchukua mume wa mtu ukamwacha mke kwenye ngazi?" aliwauliza.

Shikeni sheria hiyo, wasikilizaji wapendwa. Wawili huenda wawili.

Sasa tufike kwa Tari na Kurti.

Waliokotwa pamoja nyuma ya soko, kwenye bomba la maji ya moto, walipojibanza kutafuta joto. Jike alikuwa mweupe kama kurti, yale madonge yetu ya jibini kavu, kwa hiyo akaitwa Kurti. Dume alikuwa na rangi ya mtama, akaitwa Tari. Tari alikuwa ameugua zamani, ugonjwa ukampinda shingo, na jicho lake moja lilikuwa limefumba daima. Akitembea, alielea upande mmoja kama mlevi. Lakini Kurti alitembea upande huo huo. Tari akiyumba, alimkuta Kurti pale, akaegemea, akasimama. Kila asubuhi Kurti alilamba lile jicho lililofumba mpaka likawa safi. Raushan alisema hajawahi kuona ndoa kama ile, "na mimi niliolewa na mtu mwema."

Kisha miaka kumi na miwili ikatimia. Mwaka wa Sungura ukarudi.

Hamjasahau, ni juzi juzi tu. Madukani sungura, sokoni sungura, mitandaoni sungura wamevalishwa kofia. Ilipofika mwisho wa baridi, ngazi za ghorofa la Raushan zilikuwa zimejaa maboksi. Sungura walikuwa bafuni. Sungura walikuwa chini ya meza, na kwenye droo ya chini ya kabati la nguo. Mdogo wake, Nurjamal, alikuwa amefiwa na mumewe na kuhamia kwake miezi hiyo hiyo, akawa analala kwenye kochi lenye sungura mvunguni. Nyumba ilijaa. Raushan mwenyewe, kila alipokisimulia kisa hiki, alianzia hapo. "Nyumba ilijaa," alisema. Hakusema zaidi.

Na wageni waliokuja walimwona Kurti kwanza. "Lo, huyu mweupe!" Raushan akasema, "Anakwenda na huyu." Wakamtazama Tari, shingo ile, jicho lile, na uso ukawashuka. Ikawa hivyo tena na tena.

Karibu na Nauryz, sikukuu yetu ya machipuko, akaja mwanamke aitwaye Janar na binti yake, Inkar, mwenye umri wa miaka tisa. Walikuwa wamehamia kutoka Karaganda. Inkar alivua viatu, akakaa kwenye zulia bila kuambiwa, akatulia tuli. Hakumwita sungura, hakunyoosha mkono. Kurti akamjia mwenyewe, akaweka kidevu kwenye goti lake.

Janar akasema, "Mmoja tu, dada. Nyumba ya kupanga, na baba yake kamkubali huyo mmoja kwa mbinde."

Tari alikuwa jikoni. Mlango ulikuwa umefungwa.

Inkar akainua macho. "Bibi, huyu hana rafiki? Akija kwetu hatamkumbuka mtu?"

Raushan akasema, "Hana. Amezoea peke yake."

Wasikilizaji wapendwa, narudia ili tusikie vizuri. Mtoto aliuliza swali sahihi, swali ambalo wakubwa wengi hawakuwahi kuuliza. Na mwanamke aliyewahoji watu mpaka habari za nyaya za umeme, alimjibu mtoto huyo: Hana.

Kurti alipokuwa anaingizwa kwenye kreti yake, kishindo kikasikika jikoni. Tap. Tap. Ni mguu wa nyuma wa sungura ukipiga sakafu. Hivyo ndivyo wanavyoonyana hatari.

"Nini hiyo?" Inkar akauliza.

"Jirani," Raushan akasema. "Anapigilia misumari."

Wakaondoka. Mlango ukafungwa.

Raushan alimfungulia Tari jikoni. Akatoka, akanusa zulia, akazunguka chumba. Akayumba upande wake ule ule, upande wa Kurti. Akaanguka. Akainuka, akayumba, akaanguka tena. Raushan akakunja blanketi, akaliweka upande ule limkinge. Tari akalinusa, akaligeuzia mgongo. Jioni hakula. Kesho yake hakula. Raushan akasaga majani, akamlisha kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Tari akameza machache, mengine yakatiririka kidevuni. Daktari wa wanyama alimchoma dawa ya tumbo na ya maumivu, akamsikiliza kwa muda, akasema, "Dawa nimempa, mama. Mwenzake siwezi kumpa mimi."

Ndipo Raushan akachukua kikapu. Akamlaza Tari ndani, akamfunika kwa mtandio wa sufu, akapanda basi kwenda kwa akina Inkar. Nia yake ilikuwa kusema. Aliyapanga maneno njia nzima: wachukueni wote wawili, au nirudishieni huyo mmoja. Nilikudanganyeni.

Janar alimpokea kama tunavyopokea mtu. Chai, maandazi, krimu, jamu ya tufaha. "Umekuja kumkagua binti yako!" alitania. Raushan akakaa, kikapu miguuni. Na Inkar akaleta habari zake zote kwa pamoja: Kurti amekula hiki, Kurti analala kwenye kandambili zake, shuleni wanamcheka kwa jinsi anavyosema, hajapata rafiki darasani, lakini si kitu, "kwa sababu huyu ni rafiki yangu wa kwanza hapa."

Raushan akanywa chai. Akanywa na bakuli la pili. Akasema sungura anaonekana ana afya. Akasimama, akabeba kikapu chake, akaaga.

Hakusema.

Inkar sasa ni mkubwa kidogo, na kwa ruhusa ya mama yake nilimuuliza anakumbuka nini siku hiyo. Alisema, "Nakumbuka kikapu. Nilidhani ametoka sokoni. Nilidhani kuna mikate ndani."

Tari alikufa siku iliyofuata, mapajani mwa Raushan, dirishani penye jua.

Wasikilizaji wapendwa, mtu anaweza kusema: ni sungura. Sungura tu, mwenye shingo mbovu, aliyekuwa mzee. Watu walimwambia Raushan hivyo. Wengine walimfariji: umemhurumia mtoto, nani angemnyang'anya mtoto? Mwanzoni yeye mwenyewe aliishika faraja hiyo. Kisha akaitema. Alimwambia mdogo wake, "Nilijiambia kwamba nimemhurumia mtoto. Uongo huo. Nilijihurumia mimi. Niliona aibu kuonekana mwongo mbele ya mtoto wa miaka tisa, nikaificha aibu yangu kwa roho ya Tari."

Majira yale ya machipuko alihamisha sungura wote kwenye kibanda cha mlimani, akahamia huko na yeye. Majirani wa ghorofa walidhani wamemshinda kwa malalamiko yao. Alipiga ubao kwenye nyufa, akaweka jiko la kuni, akawa anashuka mjini kwa mabasi mawili kuchukua maganda ya kabichi sokoni. Baridi ilipofika, maji ya sungura yaliganda kwenye bakuli kila asubuhi, akayavunja kwa mwiko.

Na katika baridi hiyo alikwenda tena kwa akina Inkar. Safari hii mikono mitupu. Alikataa kukaa mezani. Alisimama ukumbini na koti lake mwilini, theluji inayeyuka kwenye mabuti, akasema yote. Alikuwa na mwenzake. Jina lake Tari. Alikuwa jikoni. Hakuwa jirani. Na siku ile alikuwa ndani ya kikapu.

Janar alisema, "Lakini dada, sasa kuna haja gani ya kumwambia mtoto?"

Inkar hakulia. Nampa nafasi aseme mwenyewe, kama alivyoniambia: "Nilimwambia, ningewachukua wote wawili. Mama angekataa, ningelia, baba angekasirika, halafu angekubali. Baba huwa anakubali. Wewe ndiye hukuniuliza. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango."

Raushan alisubiri ukumbini kidogo. Mlango haukufunguliwa. Akaaga, akarudi mlimani.

Tangu hapo, kila aliyepanda mlimani kuchukua sungura alikisikia kisa hicho. Kabla ya chai. Kabla ya kumwona sungura hata mmoja. Raushan alikaa mbele yake akasema: mimi nilimdanganya mtoto, na sungura akafa kwa ajili hiyo; sasa wewe niambie ukweli wako. Wengi waliona ni mambo ya ajabu. Mwanamume mmoja aliyekuja na mkewe, viatu vyake vimelowa matope, alimkatiza. "Mama, sisi tumekuja kuchukua sungura. Hatukuja msibani."

"Umesema sawasawa," Raushan akamjibu. "Kwanza msiba, halafu sungura."

Waliondoka. Na wengine waliondoka. Sungura waliokuwa karibu kupata nyumba, wakaikosa. Nurjamal alimgombeza. "Dada, unajivua nguo mbele ya wageni! Watakuona kichaa."

"Nguo ni zangu, Nuri," Raushan akasema. "Zako hazijaguswa."

Lakini wapo waliobaki, wakasema ukweli wao. Mwalimu mmoja alikiri kwamba mwanawe alishamchoka mbwa waliyemleta kwanza, na kwamba hajui atafanyaje akimchoka na sungura. Wakazungumza mpaka chai ikapoa, na mwishowe mwalimu akaenda bila sungura, akiwa na furaha. Mzee mmoja anayewasha matangi ya maji ya moto yanayopasha joto nyumba za mtaa mzima alisema, "Mimi nalewa Ijumaa. Lakini siku nyingine sinywi, na chumba changu kina joto kuliko cha gavana." Alipewa wawili, vikongwe. Nasikia Ijumaa hizi hanywi tena, maana mmoja hupatwa na hofu akisikia harufu ya pombe. Sijathibitisha.

Raushan alifariki vuli hii. Kifua kilimbana wiki nzima, akakataa kushuka. Moyo ukasimama asubuhi, akiwa amekaa karibu na jiko. Nurjamal ndiye aliyemkuta.

Siku ya saba, kama desturi, ilikaangwa mikate saba, dua ikasomwa, watu wakala. Tolik wa kantini alikuja na fimbo, akapika pilau, akilia waziwazi juu ya sufuria. Na mlangoni, bila kualikwa, wakaja Janar na Inkar. Binti ana miaka kumi na moja sasa. Kurti bado yuko kwake.

Nurjamal alimkaribisha pembeni yake. Inkar akakaa, hakugusa chakula.

"Mimi bado nimemkasirikia," akasema. "Nilikuwa nataka nimwambie nimeacha. Lakini sijaacha. Na sasa kafa."

Nurjamal aliniambia kwamba hapo alilitua bakuli lake, kwa sababu alijua zamu yake imefika. Na haya aliyoyasema, wasikilizaji wapendwa, ameniomba mimi niyaseme hewani kwa jina lake, nisipunguze. Nayasoma kama alivyoyatamka.

"Dada yangu alikisimulia kisa kile kwa watu wengi, na kila mara aliniacha nje. Nyumba ilijaa, alisema. Haikuwa nyumba iliyojaa. Ilikuwa kifua changu. Nina pumu. Vumbi la nyasi kavu lilikuwa linaniua, nikalazwa mara mbili baridi ile. Nikamwambia dada: chagua, mimi au wao. Nikamwambia: akija mtu akimtaka yule mweupe, mpe. Wakiuliza, sema hana mwenzake. Maneno yale ni yangu. Nilimwekea mdomoni. Tari nilimfungia mimi jikoni, nikakaa naye. Alipoanza kupiga mguu sakafuni, niliongeza sauti ya redio. Na dada alipohamia mlimani kwenye baridi, hakufukuzwa na majirani. Alikwenda ili mimi nipumue. Nilijua. Nikanyamaza, maana kila alipojishtaki, mimi nilitoka safi."

Aliongeza sauti ya redio, wasikilizaji wapendwa. Inawezekana ilikuwa sauti yangu hii. Sijui ni kipindi gani. Sikumuuliza.

Hayo yote Nurjamal alimwambia Inkar siku ile ya saba, wameketi bega kwa bega, watu wengine wakidhani wanazungumza habari za chakula. Binti akamgeukia.

"Sasa nimkasirikie nani?" akauliza.

Nurjamal akasema, "Mimi. Mimi nipo."

Inkar akasimama. Alivaa koti, akaondoka na mama yake.

Jumamosi iliyofuata gari lilipanda mlimani. Alishuka baba yake Inkar, yule aliyekubali mmoja kwa mbinde, na nyuma yake Inkar. Kulikuwa na dume mzee aliyefiwa na mwenzake wiki chache kabla ya Raushan mwenyewe kufariki. Hana mtu. Wakamchukua ili wakamzoeshe kwa Kurti polepole, kila mmoja upande wake wa wavu, mpaka watakapotaka wenyewe. Nilimuuliza Nurjamal kama binti alimsamehe.

"Hata hakunisalimia vizuri," alisema. "Lakini aliniuliza, huyu anapenda kulala upande gani. Nikamwambia sijui. Tukakaa wote wawili tukamwangalia mpaka akalala."

Wasikilizaji wapendwa, muda wetu unakaribia ukingoni. Kibandani wamebaki sungura ambao hawajapata nyumba. Nurjamal anapanda kila siku, amejifunga kitambaa puani na mdomoni, anafagia, anawasha jiko, anatoka nje kukohoa, anarudi ndani. Mnaotaka kuwapokea, pigeni simu hapa studio, tutawaunganisha. Mtaambiwa ukweli wote juu ya kila sungura, na mtaulizwa wenu. Wawili wataondoka wawili.

Na sisi wengine, tusiotaka sungura, tukae na jambo hili wiki nzima. Mara nyingi si ukatili unaotushinda. Ni neno moja dogo la kutuvusha, hana, jirani, kesho nitasema. Na upande wa pili wa neno hilo kuna kiumbe kimefungiwa mlango. Kama unaye wa kumwendea, mwendee angali anaweza kukufungulia, au kukufungia.

Rambirambi zetu ziwafikie Nurjamal, ukoo wote wa Bekmurza, madereva wa zamani wa tramu, na wote waliokaa kwenye zulia lile wakahojiwa. Mungu amlaze Raushan mahali pema, pasipo na baridi.

Na Inkar, mwanetu, kama unatusikiliza: watu huwa hawampi pole mtu aliyefiwa na yule aliyemkasirikia. Wanadhani hakuumia. Sisi tunakupa. Pole sana.